Gari la Kiganjani na Mikono Iliyolitengeneza

Mfanyakazi akipokea mshahara na kumnunulia mtoto gari dogo la chuma, lile linaloenea kiganjani, hafikiri sana habari zake. Ni kitu cha mchezo. Hupotea chini ya kitanda, hukanyagwa, hutiwa topeni, na rangi ikibanduka mtoto huendelea kulisukuma vivyo hivyo. Lakini ndugu zetu wa karakana wakilichukua gari hilo na kulitazama kwa jicho la ufundi, wataona kwamba mistari ya milango imekaa sawa, wavu wa mbele una nyuzi zake zote, na magurudumu yazunguka bila kuyumba. Yote hayo yamo katika kitu chenye urefu wa sentimita saba, ambacho kimetoka kiwandani pamoja na wenzake maelfu kwa siku ile ile. Basi yafaa tuulize: lilifanywa kwa zana gani, kwa madini gani, na waliolifanya walipata nini?

Tumechagua kueleza viwanda vya Uingereza, kwa sababu huko kazi hii iliajiri watu kwa maelfu, na kwa sababu yaliyowapata watu hao yanamhusu kila anayepiga saa ya kuingia kiwandani.

KIPIMO

Mwaka 1933 kampuni ya Meccano ya mjini Liverpool ilianza kuuza magari madogo ya kupamba stesheni za treni zake za kuchezea zilizoitwa Hornby. Mwaka uliofuata magari hayo yakapewa jina la Dinky Toys. Treni kubwa za Hornby zilifuata kipimo cha milimita 7 kwa kila futi moja ya treni ya kweli, yaani kitu cha kweli kimegawanywa kwa 43 na nusu. Hivyo kipimo cha moja kwa 43 kikawa ndicho mashuhuri kwa magari pia. Gari la kweli lenye urefu wa mita 4.30 huwa na sentimita 10 mezani.

Mtu aweza kudhani kwamba kazi imekwisha hapo: pima gari, gawanya kwa 43, chonga. Haiwezekani. Nafasi kati ya mlango na bodi ya gari la kweli ni kama milimita 5. Ukiigawanya kwa 43 wapata moja ya kumi ya milimita, na rangi ikipulizwa mara moja tu mstari huo umezibwa, mlango umetoweka. Bati la gari la kweli halifiki milimita moja kwa unene. Ukiligawanya, hakuna madini yawezayo kusubiwa kwa wembamba huo. Na rangi yenyewe haikubali kugawanywa. Tabaka la rangi lenye unene wa milimita 0.04, ukilikuza mara 43, ni karibu milimita 2. Ni kama gari lililokandikwa udongo.

Kwa hiyo mchoraji wa kiwanda hapana budi adanganye kwa ustadi. Mstari wa mlango huuchimba kwa upana uzidio kipimo. Nguzo za paa huzifanya nene ili zisivunjike. Wavu wa mbele wenye nyuzi ishirini huupa nyuzi tisa au kumi, kwa kuwa ishirini zingekuwa bapa tupu baada ya rangi. Jicho la mtazamaji ndilo hujaza kilichopunguzwa. Wale wasiojua kazi hii husifu gari dogo kwa kusema kwamba kila kitu kimepunguzwa sawasawa. Ukweli ni kwamba gari lililopunguzwa sawasawa lingeonekana kama kipande cha sabuni kilichokwisha kutumika.

KALIBU

Kwanza hufanywa mfano wa mbao, na mfano huo huwa mkubwa kuliko gari litakalouzwa, mara mbili hata mara nne. Mchongaji hutumia patasi, tupa na msasa, na zana zake za kupimia. Sababu ya ukubwa ni nyepesi: kosa lenye upana wa milimita 0.4 katika mfano uliokuzwa mara nne litakuwa milimita 0.1 tu katika gari. Umbo likipunguzwa, kosa nalo hupungua.

Kisha mfano wa mbao humiminiwa utomvu unaoganda ukawa mgumu, ili lipatikane umbo lake la ndani, kama alama ya mguu katika udongo. Hapo ndipo huja mashine iitwayo pantografu. Mashine hii ina kidole kisichokata upande mmoja na keekee ikatayo chuma upande wa pili, na mikono yake imeungwa kwa namna ambayo keekee hufuata kila mwendo wa kidole, lakini kwa kipimo kidogo. Fundi hupitisha kidole polepole ndani ya lile umbo kubwa, mstari baada ya mstari, na keekee huchimba umbo dogo ndani ya kipande cha feleji. Mashine ikimaliza, fundi huingia mwenyewe kwa patasi ndogo na mawe ya kusugulia, maana keekee ya duara haichimbi kona kali. Kalibu moja yaweza kuchukua miezi ya kazi. Mafundi wa kalibu ndio waliokuwa wataalamu wakuu wa kiwanda, na ujuzi wao haukupatikana kwa wiki mbili za mafunzo.

Mambo mawili fundi wa kalibu hasahau. La kwanza, madini yakipoa husinyaa. Zinki husinyaa kadiri ya sehemu 6 kwa kila 1,000. Basi kalibu ya gari la milimita 100 huchimbwa kwa ziada ya milimita 0.6. La pili, gari lazima litoke katika kalibu. Mama mpika vitumbua analijua jambo hili kuliko mhandisi: kikaango chake kina vishimo vilivyo vipana juu na vyembamba chini, na ndiyo sababu kitumbua hutoka kizima. Kishimo kingekuwa kipana chini kuliko juu, kitumbua kingevunjika. Vivyo hivyo mbavu za gari dogo huinama kidogo sana, na pale ambapo umbo limeingia ndani hapana budi kalibu iwe na vipande vya pembeni vinavyoteleza na kujiondoa. Kila kipande kama hicho ni gharama, na wakubwa wa kiwanda hukihesabu.

MADINI

Magari ya kwanza kabisa ya Meccano yalikuwa na risasi ndani yake. Risasi huyeyuka upesi na husubika kwa urahisi, lakini ni laini, tena ni sumu kwa ayeyushaye na kwa mtoto atiaye kitu kinywani. Baadaye ikaja mchanganyiko ambao Waingereza waliuita Mazak na Wamarekani Zamak: zinki, alumini ipatayo sehemu 4 kwa mia, magnesiamu kidogo mno, na pengine shaba. Ulitengenezwa na kampuni ya New Jersey Zinc ya Marekani mwaka 1929, na herufi za jina lake zimetokana na majina ya Kijerumani ya madini hayo manne.

Mchanganyiko huo una adui mmoja, nao ni uchafu. Zinki yake lazima iwe safi kabisa. Ikiingia risasi hata kidogo sana, gari hutoka zuri, hupakwa rangi, huuzwa, kisha baada ya miaka huanza kuvimba, kupasuka na kumeguka kama biskuti iliyolowa. Magari mengi ya Dinky ya kabla ya vita ya 1939 yameharibika hivyo ndani ya maboksi yao bila kuguswa na mtu. Mtupaji mmoja wa kipande cha risasi ndani ya chungu cha zinki, kwa uzembe au kwa kuharakishwa na mnyapara, aliweza kuharibu kazi ya siku nzima, na hakuna ambaye angejua mpaka yeye amekwisha kustaafu.

Zinki si mgeni katika nchi zetu. Kipushi, karibu na Lubumbashi, kuna mgodi wa zinki na shaba uliochimbwa tangu miaka ya 1920, ukafungwa mwaka 1993 na kufunguliwa tena mwaka 2024. Kabwe nchini Zambia, mji ulioitwa Broken Hill zamani za wakoloni, ulichimbwa zinki na risasi kwa miaka ipatayo 90 mpaka mgodi ulipofungwa mwaka 1994. Udongo wa Kabwe umebaki na risasi, na watoto wanaocheza katika mitaa iliyo karibu na mgodi wamepimwa wakakutwa na risasi nyingi katika damu. Katika habari nzima ya vitu vya kuchezea, watoto hao hawafai kusahauliwa.

Kusubu kwenyewe huenda hivi. Zinki huyeyushwa kwenye chungu cha mashine kwa joto la nyuzi 400 na kidogo za Sentigredi. Nusu mbili za kalibu hufungwa kwa nguvu. Pistoni husukuma madini ndani, yakajaza kila pembe kwa nukta moja, na kwa kuwa kalibu hupozwa kwa maji, huganda kwa sekunde chache tu. Kalibu hufunguka, vijiti vya chuma huisukuma bodi itoke, na mara nyingi hutoka bodi kadhaa zikiwa zimeungana kama matunda katika kikonyo. Vikonyo huvunjwa na kurudishwa chunguni. Bodi huingizwa katika pipa lizungukalo pamoja na vipande vya mawe mpaka kingo kali zote zimelika. Ukikuta ndani ya paa la gari dogo viduara viwili vitatu bapa, hizo ndizo alama za vile vijiti.

Hapa tuseme neno juu ya afya. Zinki iliyopashwa moto kupita kiasi hutoa moshi mweupe, na anayeuvuta hupatwa na homa baada ya saa chache: baridi, kiu, mwili kuuma, ladha ya chuma kinywani. Ndugu zetu wanaochomea mabati na mabomba yenye zinki wanaijua homa hiyo. Huondoka baada ya siku moja au mbili, na ndiyo maana waajiri hawaijali. Desturi ya kuwapa wachomeaji maziwa haizuii moshi kuingia mapafuni. Kinachozuia ni hewa kupita, kifaa cha kufyonza moshi mahali unapotokea, na barakoa iliyokusudiwa kazi hiyo. Chama kinachodai maziwa na kuacha kudai feni kimedai kitu kilicho rahisi kwa mwajiri.

RANGI NA MAPAMBO

Bodi ikitoka kwenye pipa huoshwa na kutiwa dawa ya kuisaidia rangi kushika. Rangi hupulizwa, kisha gari hupita katika tanuri ili rangi iive. Mpaka hapo ni kazi ya mashine zaidi kuliko mtu. Lakini gari lenye rangi moja ni maiti. Kinacholipa uhai ni taa, bampa, wavu, namba na maandishi, na kazi hiyo kwa muda mrefu ilikuwa ya wanawake.

Zamani walitumia brashi nyembamba na rangi ya fedha: doa kwenye taa ya kulia, doa kwenye ya kushoto, mstari kwenye bampa, gari linalofuata. Mkono hauna ruhusa ya kutetemeka wala jicho kuchoka. Baadaye zikaja barakoa za chuma zilizofinyangwa kufuata umbo la gari na kutobolewa mahali pa taa tu. Gari huvikwa barakoa, rangi ya fedha hupulizwa, barakoa huondolewa. Katika miaka ya 1970 ikaenea njia nyingine: pedi laini ya mpira huchukua wino kutoka sahani ya chuma iliyochongwa maandishi, ikabonyea juu ya ubavu wa gari na kuacha picha hata pale palipopinda. Mashine moja ya pedi huweza kufanya kazi ya brashi nyingi, na tunajua maana yake kwa wenye brashi.

Ushindani wa viwanda ulikuwa katika mapambo haya. Mwaka 1956 kampuni ya Mettoy, yenye kiwanda Swansea katika nchi ya Wales, ilitoa magari ya Corgi Toys yakiwa na vioo vya plastiki madirishani, jambo ambalo Dinky haikuwa nalo. Baadaye ikatia springi ndogo chini ya magurudumu. Katika miaka ya 1960 yalitoka magari ambayo taa zake ziliwaka bila betri wala waya: kijiti cha plastiki ang'avu kilipokea mwanga nyuma ya gari na kuupeleka mbele hadi kwenye taa, na mtoto akifunika nyuma kwa kidole taa hufifia. Aliyebuni kitu hicho alistahili nyongeza. Mwaka 1965 ikaja Aston Martin ya filamu za James Bond, ambayo kiti chake hurusha abiria nje kupitia paa. Iliuzwa kwa mamilioni.

Kwa ndugu anayependa kumchongea mtoto gari la mbao au la kopo nyumbani, siri moja ya mapambo haya haihitaji kiwanda. Chukua rangi nyeusi, izimue mpaka iwe kama maji ya chai, ipitishe juu ya mistari ya milango na wavu wa mbele, kisha futa juu kwa kitambaa kabla haijakauka. Nyeusi itabaki ndani ya mistari peke yake, na milango itaonekana kana kwamba yafunguka. Halafu chovya brashi katika rangi ya fedha, ikaushe karibu yote kwenye gazeti, na uipitishe kwa wepesi juu ya sehemu zilizoinuka. Giza liwe mashimoni, mng'ao uwe kingoni. Kwa taa ndogo, kijiti cha meno hutoa doa la duara kuliko brashi yoyote.

Na tusiwadharau watoto wetu wenyewe. Kuanzia Katanga mpaka Zambia na Malawi, ambako Wachewa huliita galimoto, mtoto hukunja waya wa ua au wa kuning'inizia nguo akaunda fremu nzima ya lori, akafunga maungio kwa uzi wa shaba au mpira wa tyubu, akatia magurudumu ya vifuniko vya makopo ya rangi ya viatu, na juu akapandisha fimbo ndefu yenye usukani. Anakimbia nyuma ya gari lake na kulipindisha akiwa wima. Mchoraji wa London alikuwa na pantografu na tanuri, lakini mengi ya magari yake yalikwenda mbele na nyuma tu. La mtoto wa kota za mgodi lina usukani unaofanya kazi.

WALIOKUWA NA KAZI

London ya mashariki, katika mtaa wa Hackney, ndiko kilikokuwa kiwanda cha Lesney, wenye magari ya Matchbox. Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1947 na marafiki wawili waliotoka jeshi la maji, Leslie Smith na Rodney Smith, wasio ndugu, na jina likaundwa kwa vipande vya majina yao. Walianzia katika jengo la baa iliyofungwa. Fundi wao, Jack Odell, alikuwa na binti ambaye shule yake iliruhusu kitu cha kuchezea kinachoenea ndani ya kiberiti tu. Akamtengenezea mashine ya kushindilia barabara ya shaba ya manjano, ndogo kiasi hicho. Ndipo lilipotoka wazo la kuuza magari ndani ya maboksi mfano wa kiberiti, tangu mwaka 1953. Ukweli wa kipimo ukatupwa hapo: basi la ghorofa na gari la watu wanne yalipewa boksi lile lile, hivyo basi likapunguzwa zaidi. Watoto hawakulalamika.

Katika miaka ya 1960 Lesney ilitoa magari zaidi ya milioni moja kwa wiki. Wengi waliokaa kwenye mistari ya kuunganisha walikuwa wanawake wa mitaa ile, na kiwanda kilikuwa na mabasi yake ya kuwachukua na kuwarudisha, na zamu fupi zilizopangwa kufuata saa za shule ili kina mama waweze kuja. Mwajiri hafanyi hivyo kwa huruma. Hufanya hivyo pale anapohitaji mikono na mikono ni adimu. Ndio wakati ambapo chama kina nguvu, na ndio wakati ambapo wanachama wengi huona hawana haja na chama.

Mwaka 1968 kampuni ya Mattel ya Marekani ilileta Hot Wheels, magari yenye ekseli nyembamba kama waya na magurudumu ya plastiki yasiyokwaruza, yaliyokimbia mbali sana kwa msukumo mmoja. Gari la Lesney lilikuwa na ekseli nene, halikuwa la mbio. Kwa ajili ya tofauti hiyo ya kijiti cha chuma, Lesney ililazimika kuanzia mwaka 1969 kubadili magurudumu ya magari yake yote, na gharama ilikuwa kubwa.

Pigo la kwanza, hata hivyo, lilianguka Liverpool. Kiwanda cha Meccano katika barabara ya Binns kilikuwa kimefanya kazi tangu 1914. Kufikia miaka ya 1970 kilikuwa kimepita mikononi mwa wenye mali mmoja baada ya mwingine, na wa mwisho, kampuni ya Airfix, alikuwa amekinunua mwaka 1971. Mashine zilikuwa za zamani. Tarehe 30 Novemba 1979, siku ya Ijumaa, wafanyakazi wapatao 900 waliambiwa kwamba kiwanda kinafungwa siku hiyo hiyo. Hawakupewa muda wa kujadiliana. Kazi ilikuwa imekwisha, na Krismasi ilikuwa imebakiza majuma matatu na siku chache.

Wafanyakazi walikataa kutoka. Walikikalia kiwanda, wakalinda malango kwa zamu usiku na mchana, na mwaka 1980 ukawakuta bado wamo ndani. Yafaa ieleweke walichokuwa wakilinda. Jengo lilikuwa kuukuu, na shehena ya magari ghalani ingeuzwa mara moja ikaisha. Thamani ya kiwanda ilikuwa katika zile kalibu za feleji: ziliweza kutoa magari mwaka hadi mwaka mahali popote penye zinki na umeme. Mwenye kalibu anaweza kuanza kazi upya ng'ambo ya bahari. Fundi aliyeichonga hawezi kwenda nayo, wala haandikwi juu yake. Ndiyo maana malango ndiyo yaliyolindwa. Mwishowe waliondolewa, na kiwanda hakikufunguliwa tena.

Lesney ilifilisika mwezi Juni 1982. Mettoy ya Swansea ilifuata mwaka 1983. Kwa miaka minne, majina matatu makubwa ya magari madogo ya Uingereza yalikuwa yameanguka, na mafundi wa kalibu, wasubuji na wanawake wa brashi wakawa wanapanga foleni kutafuta kazi. Wengine walisema sababu ni ushindani wa bei, wengine michezo mipya ya elektroniki, wengine uongozi mbaya uliokula faida bila kununua mashine. Yote yana ukweli ndani yake. Lakini katika sababu zote hizo hakuna hata moja iliyoamuliwa na mwanamke aliyeketi kwenye mstari.

Matchbox ilinunuliwa na kampuni ya Universal ya Hong Kong, na kazi ikahamishiwa Macau. Baadaye jina hilo lilipita kwa wenye mali wengine, na tangu mwaka 1997 liko kwa Mattel, wale wale wa ekseli nyembamba. Kazi ya vitu vya kuchezea ikaenda China na Thailand, penye mishahara midogo na vyama dhaifu. Tarehe 10 Mei 1993, katika kiwanda cha Kader karibu na Bangkok, ambacho hakikutengeneza magari bali wanasesere, moto ulizuka mchana wa kazi. Milango ilikuwa imefungwa kwa kufuli ili wafanyakazi wasiibe, na ngazi hazikutosha. Walikufa watu 188, wengi wao wanawake na wasichana. Mwezi Novemba mwaka huo huo, kiwanda cha vitu vya kuchezea cha Zhili mjini Shenzhen, China, kiliungua na kuua 87. Huko nako milango na madirisha vilikuwa vimezibwa.

Ndugu mwenye gari la Matchbox nyumbani aligeuze juu chini. Tumbo la gari ni kipande cha peke yake, kimeshikwa na riveti moja au mbili zilizobondwa vichwa, na juu yake kuna maandishi madogo yaliyochongwa kinyume ndani ya kalibu ili yatoke yakisomeka. Kwenye magari ya zamani pameandikwa Lesney na Uingereza. Kwenye yale ya katikati pameandikwa Macau. Baadaye China, na sasa Thailand. Ziko pia kalibu za Dinky zilizouzwa India kabla hata Liverpool haijafungwa, zikatoa magari huko Calcutta kwa jina la Nicky. Herufi za jina la zamani zilikuwa zimechongwa upya ndani ya feleji ile ile, na milango, taa na wavu vikaachwa kama fundi wa Liverpool alivyovichimba.